Muulize Fundi: Mchungaji akialikwa kwa kilti, shingoni avae nini?

Barua

Fundi, Bwana asifiwe.

Mimi ni mchungaji kutoka Nyeri. Tangu mwaka jana nahudumu katika parishi moja ya Kanisa la Uskoti karibu na Glasgow. Baridi nimeizoea, giza la saa kumi jioni nimelizoea, hata Kiingereza chao sasa nakishika. Kilichonishinda ni mwaliko nilioletewa juzi.

Tarehe 25 Januari kuna karamu ya kumkumbuka mshairi wao Robert Burns, katika hoteli moja ya mjini, nami nimeombwa niombee chakula. Chini ya kadi wameandika kwamba wanaume waje na vazi la Nyanda za Juu za Uskoti, au suti nyeusi ya jioni na tai ya kipepeo. Wazee wa kanisa walipoiona kadi walifurahi kuliko mimi. Mmoja wao akaniletea kilti, ile sketi ya marinda ya wanaume wao, ya marehemu kaka yake, imefungwa vizuri kwenye karatasi, akasema niivae usiku huo, mengine tutazungumza baadaye.

Shida ikaanzia hapo. Mzee huyo anasema mchungaji havui kola yake mbele ya watu, kwa hiyo nivae kola na kilti. Wa pili anasema karamu si ibada, nivae tai ya kipepeo kama wenzangu. Wa tatu ameniletea lesi ya kuning'iniza shingoni, eti ndivyo wanavyovaa Mamoderata, wenyeviti wa Baraza Kuu la kanisa lao. Nikiwakubalia wote watatu nitakosa pa kupumulia.

Halafu kuna kile kisu cha kuchomeka kwenye soksi. Nitaombeaje chakula nikiwa na kisu mguuni? Na tartani ya kilti ile, yaani mchoro wa miraba wa kitambaa chake, ni ya ukoo wa watu. Mimi Mkikuyu naivaaje? Nimeona kwenye intaneti kwamba ipo tartani ya makasisi. Je, nikodi hiyo badala yake?

Mke wangu naye hajasaidia. Aliitazama kilti akasema afadhali shuka la Kimaasai. Akaongeza, kwa upole, kwamba babu yangu alibatizwa katika misheni ya Tumutumu na Waskoti hao hao, akaambiwa aache ngozi avae kizungu, na leo mjukuu wake anaambiwa avue suruali. Nilicheka, lakini lile neno limenikaa. Na picha zitafika Nyeri kabla karamu haijaisha.

Mwezi Aprili pia nitafungisha ndoa ya kijana wa parishi, na bwana harusi ameomba wanaume wote tuwe na kilti. Nisaidie.

Mchungaji mgeni, Glasgow

Jibu

Mchungaji, amina, na pole kwa lesi.

Vaa kilti, vaa kola, na tai ya kipepeo waachie wageni wengine. Mzee wako wa kwanza amesema sawa, ingawa wa pili naye ana hoja, nitamfikia.

Kola ya kichungaji inakaa mahali pa tai. Haivaliwi pamoja na tai. Kwa desturi ya karamu za jioni huko, mchungaji mwenye kola amekwisha kuvaa rasmi, kama kwetu Pwani mtu aliyevaa kanzu na koti: hakuna anayemwuliza tai yake iko wapi. Makasisi wa jeshi katika vikosi vya Kiskoti wamevaa kola na kilti miaka nenda miaka rudi. Na kola yenyewe, hii nyeupe ya kubandika na kubandua, husimuliwa kuwa ilibuniwa na mchungaji wa Glasgow, Donald McLeod, katika karne ya 19. Kwa hiyo usidhani unawapelekea kitu kigeni.

Jua pia kwamba hulazimiki. Suti nyeusi iliyonyooshwa vizuri pamoja na kola yako inatosha kabisa kwa kadi kama hiyo, na hakuna mlangoni atakayekurudisha. Ningekushauri hivyo kama kilti ingekuwa ya kukodi tu. Lakini mtu amekuletea ya marehemu kaka yake. Kuirudisha ikiwa kwenye karatasi yake ile ile ni kumvunjia heshima mzee ambaye hakufanya lolote ila wema.

Sasa koti, maana hapo ndipo wachungaji wengi wanapoharibikiwa. Ukiingia duka la kukodisha na kusema unataka la jioni, watakuletea koti la Prince Charlie bila hata kufikiri. Ni koti fupi, lina vijimkia nyuma, na kizibao chake cha vifungo vitatu kimekatwa chini sana kifuani. Kimekatwa hivyo makusudi, ili shati jeupe na tai ya kipepeo vionekane. Ukilivalia shati jeusi la kichungaji, kifua chote kinakuwa kiza kitupu na kijipande cheupe shingoni. Halikatazwi, na utaliona kwa wengi, ila mimi kama fundi silipendi. Omba koti la Argyll, jeusi, na kizibao cha vifungo vitano. Kizibao hicho kinapanda juu na kukutana vizuri na kola, na koti lenyewe ni mkato wa koti la kawaida lililofupishwa ili lisilalie marinda. Tena Argyll ni la mchana na la usiku, kwa hiyo la Januari ndilo la Aprili.

Shati likague mikono. Mashati mengi ya kola ni ya kazi za kila siku, mengine mikono mifupi. Ukiinua mkono kuombea chakula, mkono wa koti unateleza na chini yake hakuna kitu. Bora zaidi uvae shati jeupe la mikono mirefu, na juu yake kile kitambaa cheusi cha kifuani kinachobeba kola na kufungwa mgongoni. Kitambaa kinapotelea ndani ya kizibao, na kwenye vifundo vya mikono unabaki ukingo mwembamba mweupe. Hapo umependeza. Zambarau usiiguse. Huko zambarau shingoni ni ya maaskofu wa Kianglikana, na utakesha ukijibu maswali.

Lesi mrudishie mzee wa tatu kwa shukrani nyingi. Anayoikumbuka yeye ni ya Moderata wa Baraza Kuu, mtu mmoja anayeshika kiti kwa mwaka mmoja, aliyevaa mavazi ya kale ya ikulu: koti jeusi, suruali inayoishia magotini, viatu vya bizimu, lesi shingoni na mikononi. Hilo si vazi la Nyanda za Juu hata kidogo. Kilti nayo ina lesi yake, inayovaliwa na koti lililofungwa mpaka shingoni, lakini inaning'inia pale pale ambapo kola yako inatakiwa kuonekana. Chagua moja, na umekwisha kuchaguliwa.

Mzee wa pili, anayesema karamu si ibada, historia iko upande wake. Mwaka 1575 Baraza Kuu la Kanisa la Uskoti liliwakataza wahudumu kuvaa shuka la sufu la wenyeji kanisani wakiwa katika huduma, likaagiza mavazi yao yawe ya rangi zilizotulia: nyeusi, kijivu, kahawia iliyofifia. Na wake zao wakawekwa chini ya agizo hilo hilo. Msomee mama mchungaji sehemu hiyo, huenda akakuhurumia. Ninachokiona mimi ni kwamba tangu zamani kanisa lile lilimtenga mhudumu aliye kazini na mhudumu aliyekaa mezani, na ushauri wangu wote kwako umesimama hapo. Januari wewe ni mgeni anayeombea chakula. Aprili uko kazini.

Tartani. Ipo ya makasisi, ndiyo, ya giza, bluu na nyeusi zikitawala, na imo katika vitabu vya tartani tangu karne ya 19. Ni nzuri. Ila ukiivaa pamoja na kola umesema jambo moja mara mbili, na ukiacha ya mzee ukakodi hiyo, utamweleza nini? Hakuna sheria inayokuzuia kuvaa tartani ya ukoo usio wako. Tangu 2009 serikali ya huko ina daftari rasmi la tartani, lakini daftari linaandika michoro, halikagui viuno vya watu. Ziko chache tu zenye mwenyewe, kama ile ya Balmoral ambayo familia ya kifalme imejiwekea. Zilizobaki ni adabu, na adabu inasema mwenye ukoo akikuvisha, umevishwa. Ukiulizwa mezani ni ya nani, taja jina la marehemu.

Kitu kimoja tu kinaweza kuizuia: mwili. Kilti ya kweli hula karibu yadi 8 za sufu, zaidi ya mita 7, na sehemu kubwa iko nyuma kwenye marinda. Kiunoni ina mikanda miwili au mitatu ya ngozi yenye bizimu, nayo hukupa nafasi ya sentimita chache, basi. Ukiona pande la mbele halifiki vizuri upande wako wa kulia, au marinda yanafunguka ukiwa umesimama tu, kilti hiyo ni ya mtu mwembamba kuliko wewe. Usimruhusu mtu akupindie chini. Kilti nzuri haina pindo. Chini yake ni ukingo wenyewe wa kitambaa, na ukikatwa au kupindwa mchoro unaharibika na marinda yanavimba. Urefu unarekebishwa kwa kuipandisha: inafungwa juu ya kitovu, mahali ambapo suruali haifiki, na chini iishie katikati ya goti. Jipime kwa kupiga magoti, kazi unayoijua. Ukingo ukilala na kukunjika sakafuni, ni ndefu.

Ukikaa, pitisha mkono nyuma na kuyalaza marinda kabla hujagusa kiti, kama mama anavyofanya na gauni. Muulize mkeo akufundishe, atafurahi. Na kama meza yako iko jukwaani, magoti pamoja. Nguo ya ndani vaa; ule utani wao waachie wenyewe, wewe una parishi. Pini ya kilti inashika pande la juu peke yake, chini kulia. Ukiipitisha hadi pande la chini, utakapokaa kitambaa kitavutana na kuchanika, na kitambaa chenyewe si chako.

Mfuko wa mbele, ule unaoning'inia kiunoni juu ya kilti, uwe wa ngozi nyeusi usio na mbwembwe. Ule wa manyoya na mnyororo ni wa jioni, haukatazwi, ila juu ya kola na kizibao naona unapiga kelele. Soksi kataa zile nyeupe wanazotoa maduka ya kukodisha. Chukua za kijivu cha makaa au kijani cha giza, zikunjwe chini ya goti. Viatu vyeusi vyako vya Jumapili vikisuguliwa vinatosha. Vile vya kamba ndefu za kuzungusha mguuni vinapendeza, lakini kamba zikifungwa vibaya huteremka katikati ya hotuba.

Kisu kiache nyumbani. Sheria ya Uskoti ya 1995 inayokataza kutembea na kisu hadharani inakubali utetezi wa mtu aliyekivaa kama sehemu ya vazi la taifa, kwa hiyo kosa halipo. Lakini hakuna atakayekichungulia soksini mwako, na usiku huo kisu hakitakosekana: anayesoma shairi la haggis, chakula chao cha matumbo ya kondoo, huipasua haggis yenyewe mbele ya watu wote. Na sala yao ya usiku ule ni fupi, mistari minne wanayoinasibisha na Burns. Unaweza kuisema hiyo, au ukaomba kwa Kiswahili au Kikuyu kwa urefu ule ule. Usizidishe, haggis inapoa.

Nije kwa mama mchungaji. Kuhusu sketi sina neno, mimi nimekulia kati ya wanaume wa vikoi na sijawahi kuona aliyepungukiwa na kitu. Yeye mwenyewe asijisumbue kutafuta tartani. Gauni refu la kitenge lililoshonwa vizuri linafaa kabisa karamu hiyo, na nina hakika litapigwa picha kuliko kilti yako.

Lile la babu ni zito zaidi. Baada ya vita vya Culloden, Aprili 1746, waasi wa Nyanda za Juu waliposhindwa na jeshi la mfalme, bunge la London lilipiga marufuku vazi hili hili. Mwanamume au mvulana aliyekutwa nalo huko Uskoti alifungwa miezi 6. Akirudia, alisafirishwa ng'ambo kwa miaka 7. Waliosamehewa ni waliolivaa jeshini kwa mfalme. Sheria haikufutwa hadi 1782. Kisha mwaka 1822 mfalme George IV akaja Edinburgh, sherehe zikiwa zimepangwa na mwandishi Walter Scott, naye akajitokeza na kilti fupi juu ya soksi ndefu za waridi, bili ya vazi ikipita pauni 1,300, na wachora vibonzo wakala naye sahani moja. Kwa hiyo watu waliomwambia babu yako aache ngozi walitoka katika nchi ambayo iliwahi kuvuliwa nguo zake kwa sheria, halafu ikaziona zimevaliwa na mfalme kama maigizo. Kama walilikumbuka hilo walipofika Tumutumu, au hawakulikumbuka, mkeo ana haki ya kuuliza. Mimi ningemwomba aulize pale pale mezani, kwa upole ule ule. Wazee wa huko wanapenda mazungumzo ya namna hiyo baada ya chakula, na wewe utakuwa umevaa kitu kinachokupa haki ya kukaa katikati yake. Picha zikifika Nyeri, watu watacheka siku mbili. Wakikuona una kola shingoni, watajua ni mchungaji wao.

Ndoa ya Aprili ni rahisi zaidi. Ibadani unavaa joho lako kama Jumapili yoyote, na linakufunika. Chini yake unaweza kuvaa kilti kama bwana harusi anavyotaka, lakini mfuko wa mbele uvue kwanza umpe mtu akushikie, la sivyo joho litatokeza kitu tumboni na watoto wa mstari wa mbele hawatasikiliza nadhiri. Zitakazoonekana ni soksi na viatu tu. Ibada ikiisha, joho linavuliwa, mfuko unarudi, Argyll linavaliwa, na unaingia kwenye picha ukiwa nyuma ya ndugu wa bwana harusi. Kama kanisani kuna baridi, suruali chini ya joho haitamkwaza mtu. Mwambie kijana mapema tu.

Mwisho, fanya haya kabla ya Krismasi, kwa sababu Januari mafundi na maduka ya kukodisha hawana nafasi. Itoe kilti kwenye karatasi leo, itundike mahali penye hewa ili harufu ya nondo itoke, na usithubutu kuiweka kwenye mashine ya kufulia. Mikunjo ya karatasi itaondoka ukiitundika bafuni wakati maji ya moto yanamwagika. Ngozi ya mikanda ikikauka huchanika kwenye matundu, kwa hiyo ikague kabla ya kuivuta kwa nguvu. Ukimpelekea fundi wa kilti aikague, nenda na shati, kizibao na viatu utakavyovaa siku yenyewe.